Bahasha Usiiloweke: Stempu za Hungaria na Mwaka Pesa Ilipokufa

Mwanaidi: Msikilizaji, karibu tena. Leo kaka Baraka kaja na boksi la viatu, na kabla hata ya salamu kaniambia nitoe chai mezani.

Baraka: Niwie radhi, dada. Chai na karatasi ya mwaka 1946 havikai meza moja.

Mwanaidi: Haya, nimeiondoa. Sasa niambie, wewe mtu wa Tanga, Hungaria imekuingiaje?

Baraka: Ni zile pakiti za stempu mchanganyiko. Utotoni ukifungua moja unakuta vipepeo, samaki, roketi, na karibu nusu zimeandikwa *Magyar Posta*. Miaka yote ile nilidhani Magyar ni nchi yake na Hungaria ni nchi nyingine. Kumbe ndivyo wenyewe wanavyojiita.

Mwanaidi: Na hizo ndizo zenye thamani?

Baraka: Hapana, zile zilichapwa kwa wingi na kuuzwa kwa wakusanyaji dunia nzima. Adimu zinaanzia nyuma sana. Tangu tarehe 1 Juni 1850 barua za Hungaria zilibandikwa stempu za himaya ya Austria. Baada ya makubaliano ya 1867 na Austria, Hungaria ikapata serikali yake ya ndani, na mwaka 1871 ikatoa stempu zake yenyewe. Juu sura ya mfalme Franz Joseph, chini taji na ngao ya Hungaria. Mitambo ya kuchapia kwa bamba la shaba haikuwa tayari, wakaanza kwa kuchapia jiwe bapa. Baadaye mwaka uleule wakazichapa upya kwa shaba. Picha ni ileile, lakini ya jiwe ndiyo watu wanayoitafuta.

Mwanaidi: Utazijuaje, kama picha ni moja?

Baraka: Shika kibano, usishike kwa vidole. Hii hapa ni ya shaba, ya krajczár 5, senti zao za zamani. Inamishe kidogo upande wa taa. Unaona mistari ya shavuni?

Mwanaidi: Imetuna. Kama uzi wa cherehani.

Baraka: Ndiyo hiyo. Wino wa shaba husimama juu ya karatasi. Wa jiwe umelala bapa, na mistari myembamba inakuwa kama imepitiwa na ukungu. Ya jiwe sina, na ile ya krajczár 25 bei yake si ya mshahara wangu.

Mwanaidi: Na huyu ndege?

Baraka: Turul, ndege wa masimulizi yao ya kale. Ameanza kuonekana kwenye stempu mwaka 1900, anaruka juu ya taji la Mtakatifu Stefano, mfalme wao wa kwanza. Tazama msalaba ulio juu ya taji, umeinama. Mchoraji hakukosea, taji lenyewe lina msalaba uliopinda.

Mwanaidi: Mimi nataka kusikia habari ya 1946, maana ndiyo iliyonifukuzia chai.

Baraka: *(anafungua bahasha ya plastiki)* Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pesa yao, pengő, iliporomoka kuliko pesa yoyote iliyowahi kurekodiwa. Julai 1946 bei zilikuwa zinapanda maradufu kila baada ya saa kama 15. Sasa jiweke mahali pa posta. Unachapa stempu ya bei fulani, ikifika dirishani bei imeshapitwa. Wakafanya jambo ambalo mimi naliona ni la akili kabisa: mapema mwaka ule walichukua stempu za zamani, wakazigonga herufi juu yake badala ya bei. *Hl.* ni barua ya hapohapo mjini. *Tl.* ni ya kwenda mji mwingine. *Ajl.* ni ya rejista.

Mwanaidi: Kwa hiyo unanunua huduma, bei utaambiwa siku hiyo.

Baraka: Ehee. Halafu tarakimu zikarudi, na zikarudi na balaa. Njiwa huyu aliyebeba barua, soma hapo.

Mwanaidi: Mia tano elfu… *billió*?

Baraka: Kwao *billió* moja ni 1 yenye sifuri 12. Kwa hiyo stempu hiyo ni 5 yenye sifuri 17. Tarehe 1 Agosti 1946 ikaingia pesa mpya, forint, na forint moja ikawa sawa na pengő 4 yenye sifuri 29 nyuma yake.

Mwanaidi: Subhanallah. Basi stempu hii lazima iwe ghali mno.

Baraka: Hapo ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Njiwa ambaye hajatumika unampata kwa bei ya andazi. Kinachotafutwa ni bahasha nzima, yenye muhuri wa tarehe unaosomeka na stempu zilizotimia kiwango cha posta cha siku hiyo. Viwango vingine vilidumu siku chache tu, kwa hiyo barua zilizopita humo ni chache. Nikiwa darasa la sita mzee mmoja wa mtaani alinipa bahasha zake za Ulaya. Nikazitia zote kwenye beseni la maji ili stempu zibanduke. Nazikumbuka mpaka leo zile anwani, wino wa bluu ukiyeyuka, maji yakigeuka rangi.

Mwanaidi: Pole. Ulikuwa mtoto.

Baraka: Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: bahasha usiiloweke. Na kama unanunua zile za 1919, kipindi ambacho majeshi ya kigeni yaliingia miji kama Arad na Debrecen na stempu za Hungaria zikagongwa maandishi mapya, usitoe hela bila cheti cha mtaalamu. Zimeghushiwa sana. Ukifika Budapest, ulizia Makumbusho ya Stempu, yaliyoanzishwa mwaka 1930.

Mwanaidi: Na hii uliyoishika muda wote?

Baraka: Budapest, Julai 1946. Mbele njiwa wamejaa mpaka anwani ikabanwa kwenye kona, nyuma wamejaa pia. Barua yenyewe haimo. Lakini ukiinua mkunjo wa bahasha, tazama.

Mwanaidi: Penseli. Mtu amejumlisha.

Baraka: Aliyetuma, au karani wa dirishani. Alikuwa anahesabu stempu zake.

Mwanaidi: Alipata jibu sahihi?

Baraka: Nimerudia hesabu yake mara tatu. Sahihi, mpaka sifuri ya mwisho.