Kabla ya Chui Milia, Hesabu Nguruwe Mwitu

MUSA: Msikilizaji, karibu. Mimi ni Musa, na dada Zuhura yuko hapa na daftari lake. Leo ni chui milia. Wengine shuleni tulimsoma kwa jina la simbamarara. Ndiye huyohuyo, paka mkubwa wa Asia. Dada, msitu uliokwisha kuwapoteza hawa wanyama, halafu watu wanataka kuwarudisha. Wanajuaje kama pale mahali bado panawafaa?

ZUHURA: Kaka Musa, niruhusu nianze na mahali iliposhindikana, maana ndipo nilipoelewa mimi. Kuna hifadhi India, jimbo la Odisha, inaitwa Satkosia. Mto Mahanadi unapita katikati ya milima na msitu umefunga kweli. Ukiutazama kwa satelaiti, kijani tupu. Mwaka 2018 wakaletwa wawili kutoka jimbo la Madhya Pradesh: dume, Mahavir, na jike, Sundari.

MUSA: Ikawaje?

ZUHURA: Waliletwa Juni. Novemba Mahavir akakutwa amekufa, ana jeraha la mtego wa waya shingoni. Waya wa kawaida tu, ule watu wanaotegea nguruwe kupata kitoweo. Sundari naye akalaumiwa kwa vifo vya watu wawili, vijiji vikachachamaa. Akapigwa sindano ya usingizi, akawekwa ndani ya uzio, na mwaka 2021 akarudishwa alikotoka.

MUSA: Inauma, hiyo.

ZUHURA: Inauma sana. Satelaiti ilionyesha miti, ikaonyesha maji na barabara. Lakini waya uliofungwa kwenye shina, usawa wa shingo ya mnyama, huuoni mpaka utembee kwa miguu. Na hasira ya kijiji huioni kwenye ramani yoyote, mpaka ukae chini na wazee muongee.

MUSA: Sasa wakitembea, wanahesabu nini? Nyayo?

ZUHURA: Nyayo, kinyesi, na kamera zinazofungwa kwenye miti. Milia ya kila mmoja ni ya peke yake, kama alama za vidole vyetu, kwa hiyo picha zinatosha kuwatofautisha. Lakini hapo pa kurudishia hakuna chui milia wa kuhesabu. Unahesabu chakula chake. Alfajiri watu wanatembea kwenye mstari ulionyooka, kila wakiona mnyama wanaandika ni yupi na yuko umbali gani. Kazi ya kuchosha, ya siku nyingi.

MUSA: Na chakula kinachotosha ni kiasi gani?

ZUHURA: Chui milia mmoja huua wanyama wakubwa kama 50 kwa mwaka, karibu mmoja kila wiki. Na makadirio yanayotumika ni kwamba anachukua kama moja ya kumi ya mawindo yaliyopo, ndipo kundi lisipungue. Piga hesabu.

MUSA: Wanyama 500. Kwa mmoja tu!

ZUHURA: Mmoja tu. Jike anayelea watoto anataka zaidi. Ndiyo maana ukiniambia msitu una miti mizuri, mimi nitakuuliza kuhusu nguruwe mwitu.

MUSA: Wapi wamefuata hesabu hiyo kwa subira?

ZUHURA: Kazakhstan. Kule kulikuwa na chui milia wa Kaspi. Walienea kutoka Uturuki hadi magharibi mwa China, wakiishi kwenye matete na misitu ya kandokando ya mito. Karne ya 20 wakaisha: waliwindwa, matete yakachomwa, mabonde yakalimwa pamba. Mwaka 2009 wanasayansi wakapima vinasaba vya mabaki ya makumbusho, wakakuta hawa na wale wa Amur, wa mashariki ya mbali ya Urusi, karibu ni kitu kimoja. Mlango ukafunguka hapo.

MUSA: Yaani ndugu yake yupo hai.

ZUHURA: Yupo. Basi wakaangalia delta ya mto Ili, unapoingia ziwa Balkhash. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kilomita za mraba 7,000 hivi zinazofaa. Wakiletwa 40 hadi 55, baada ya miaka 50 wangeweza kufika kati ya 64 na 98. Lakini kwa masharti: mawindo yarudishwe kwanza, matete yasichomwe, na maji ya mto yaendelee kufika.

MUSA: Hilo la maji nieleze vizuri.

ZUHURA: Mto Ili unaanzia China. Njiani kuna bwawa la Kapchagay, lililoanza kujazwa 1970. Maji yakipungua, matete yanakauka. Matete yakikauka, nguruwe anakosa pa kujificha na pa kulia. Kwa hiyo maisha ya chui milia pale yanategemea pia maji yanayochotwa nchi nyingine kumwagilia mashamba. Mimi hili ndilo linaloninyima raha kuliko ujangili, kwa sababu askari wa wanyamapori hawezi kulikamata.

MUSA: Na mawindo?

ZUHURA: Hifadhi ya Ile-Balkhash ilianzishwa 2018. Wakaanza kuachia kulungu wa Bukhara, aliyekuwa ametoweka pale, miaka kadhaa kabla ya kuleta chui milia yeyote. Septemba 2024 ndipo wakafika Bodhana na Kuma, jike na dume, kutoka Uholanzi. Na hao hawaachiwi. Walikulia mikononi mwa watu, hawawaogopi. Waliwekwa ndani ya uzio, na mpango ulikuwa waachiwe watoto wao, wakizaliwa na kulelewa mbali na binadamu.

MUSA: Dada, mimi ni mtoto wa mfugaji. Baba yangu mdogo aliwahi kuchukuliwa ndama na simba, usiku wa mvua. Asubuhi tulikuta kamba tu, imekatika, na mburuzo kwenye tope. Watu wakaja wakaandika maelezo. Yeye aliuliza swali moja: atarudi lini? Hakuna aliyemjibu. Huko Balkhash kuna wafugaji?

ZUHURA: Wapo, kondoo, ng'ombe, farasi. Na wamekaa miongo mingi bila huyu mnyama. Babu alimjua, mjukuu hamjui.

MUSA: Basi kuna kifuta jasho?

ZUHURA: Fidia ni sehemu ya mpango, na kikosi cha kufika haraka mnyama akikaribia kijiji. Lakini swali la baba yako mdogo lina jibu, na limo humo humo kwenye hesabu ya asubuhi na daftari. Nguruwe na kulungu wakiwa wachache, chui milia atarudi zizini kesho. Wakiwa wengi, ana sababu ya kubaki kwenye matete.

MUSA: Nitampigia simu leo jioni nimwambie.