Mshipa wa Moyo Ukiziba: Dawa, Stenti au Baipasi

Mabibi na mabwana, wengi wakiambiwa mshipa wa moyo umeziba hukimbilia kuuliza bei ya stenti, kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa uwe wazi. Kabla ya bei, tujue ni hali gani.

Kama kifua hubana ukipanda ngazi na kuachia ukipumzika, kwa kawaida tunaanza na dawa: aspirini miligramu 75 hadi 100 kwa siku, statini ya kupunguza kolesteroli, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, na nitrogliserini ya kutanua mishipa, ya kuwekwa chini ya ulimi. Tafiti mbili kubwa, COURAGE ya 2007 na ISCHEMIA ya 2020, zilionyesha kwamba kwa wengi wa wagonjwa hawa stenti hupunguza maumivu lakini haipunguzi vifo kuliko dawa. Msione mmenyimwa tiba.

Shambulio la moyo ni jambo lingine. Mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa yamepasuka, damu imeganda juu yake, na misuli ya moyo inakufa kila dakika. Maumivu yakipita dakika 15, na jasho jembamba likakutoka, usinywe dawa ya asidi ukangoja kukuche. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu, akatweta tu. Tafuna aspirini ya miligramu 300, isipokuwa inakudhuru au unavuja damu, kisha nenda hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kifanywe ndani ya dakika 10. Mshipa ukiweza kufunguliwa kwa puto ndani ya dakika 120, hiyo ndiyo bora. Isipowezekana, sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda itolewe mapema, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Kwa foleni za Mombasa Road hapa Nairobi, ulizeni leo hospitali ipi karibu nanyi hufungua mishipa usiku.

Baipasi, yaani upasuaji wa kuipitishia damu njia mpya kando ya palipoziba, huwafaa zaidi walioziba shina la kushoto, yaani mshipa mkuu wa kushoto wa moyo, au mishipa mitatu wakiwa na kisukari.

Stenti huingizwa kwa mrija mwembamba kupitia kifundo cha mkono. Puto hutanua mshipa na kuibana stenti ukutani. Kazi huanzia hapo. Aspirini na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, humezwa pamoja, kwa kawaida miezi 6, au 12 baada ya shambulio. Ukiziacha mapema damu huganda ndani ya stenti, na wengi hufa. Daktari wa meno akikwambia uziache ili ang'oe jino, mpigie kwanza daktari wako wa moyo. Pesa za dawa zikipungua, mwambie daktari kabla kidonge cha mwisho hakijaisha.