Masikio Kabla ya Macho: Zimwi la Msituni katika Filamu za Kutisha

Mabibi na mabwana, ninashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumzia jambo lililonishughulisha kwa miaka mingi, yaani namna filamu za kutisha zinavyowachukua viumbe wa hekaya wanaosemekana kuishi misituni, na yale yanayowapata viumbe hao wanapotolewa kinywani mwa msimuliaji na kusimamishwa mbele ya kamera. Zimwi la msituni lilizaliwa katika ushahidi wa watu waliosikia zaidi ya walioona, na filamu inayosahau asili hiyo hubaki na mnyama mkubwa mwenye meno makali, huku zimwi lenyewe limekwishatoweka.

Tuanze na picha ambayo haikupigwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Tarehe 20 Oktoba 1967, huko Bluff Creek, kaskazini mwa California, Roger Patterson na Robert Gimlin walirudi na picha jongefu isiyofika dakika moja, inayoonyesha kiumbe mwenye manyoya akitembea kwa miguu miwili. Katika fremu ya 352, iliyo mashuhuri kuliko zote, kiumbe huyo amegeuka kuitazama kamera bila kukatiza mwendo wake. Wengi hushikilia kwamba ni mtu aliyevaa vazi la manyoya, na mabishano hayo siyaingilii leo. Ninaloomba tulitazame ni kutetemeka kwa kamera, umbali wa kiumbe na ukungu wa picha, kwa kuwa mambo hayo, ambayo mpiga picha yeyote angeyahesabu kuwa kasoro, ndiyo yaliyokuja kuwa lugha ya filamu za aina hii.

Mwaka 1972 Charles B. Pierce alitoa The Legend of Boggy Creek, kuhusu kiumbe aliyesemekana kuzurura kwenye vinamasi vya Fouke, Arkansas. Aliwaigizisha wakazi wa eneo lenyewe, na kiumbe akamwacha nyuma ya majani kwa sehemu kubwa ya filamu. Ufundi wake ni mnyonge, nakubali, lakini sauti za wakazi hao zina uzito ambao mwigizaji hodari huutafuta asiupate.

Kisha, mwaka 1999, ikaja The Blair Witch Project ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Anayetajwa humo ni mchawi, lakini kinachowatesa vijana watatu ni msitu wa Maryland wenyewe. Waigizaji walibeba kamera wao wenyewe, chakula chao kikapunguzwa siku hadi siku, na usiku waongozaji wakalitikisa hema lao na kuwasikilizisha sauti za watoto gizani. Hadi filamu inakwisha, mchawi haonekani. Mwaka 2014 Sánchez huyo huyo aliongoza Exists, ambamo jitu la msituni linaonekana wazi likiwawinda watu. Manyoya na misuli yametengenezwa kwa ustadi mkubwa, na bado mimi niliitazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama mnyama hatari akiwa upande salama wa uzio.

Hata hivyo, kuonyesha si kosa kila mara. Katika Trollhunter ya mwaka 2010, André Øvredal anayaonyesha majitu ya hekaya za Norwei kwa ukamilifu, na filamu inasimama imara, kwa sababu anayeyawinda ni mtumishi wa serikali aliyechoka, anayejaza fomu baada ya kila uwindaji.

Linaloniuma zaidi ni habari ya wendigo. Katika masimulizi ya Waojibwe, Wakrii na jamaa zao wa Amerika Kaskazini, wendigo ni njaa ya majira ya baridi iliyopata mwili: amekonda hadi mifupa inahesabika, na kadiri anavyokula watu ndivyo njaa yake inavyozidi. Tena mwanadamu anaweza kugeuka wendigo kwa kula nyama ya mwenzake. Pembe za kulungu, ambazo leo watazamaji wengi hudhani ni alama yake ya asili, hazimo katika masimulizi hayo ya kale. Zimeenezwa na wachoraji na watengenezaji filamu wa nyakati zetu, na Antlers ya mwaka 2021 imezibeba hata katika jina lake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wendigo wa masimulizi alikuwa zimwi la namna hiyo, kwa kuwa alitoka nyumbani, miongoni mwa watu waliolijua jina lake. Ukimvika pembe na kumfanya mgeni wa porini, umewaondolea watazamaji hofu ya kujitazama wenyewe.

Ningependa tumalizie ndani ya hema, katika Willow Creek ya Bobcat Goldthwait ya mwaka 2013, ambayo wahusika wake wanakwenda kupatafuta mahali pale pale pa picha ya mwaka 1967. Kwa zaidi ya dakika 15, bila kukatwa, kamera imetulia mbele ya mwanamume na mwanamke waliokaa bega kwa bega. Mti unagongwa mbali, kisha karibu zaidi. Kilio kama cha mwanamke kinasikika. Macho yao yanaifuata sauti kutoka upande mmoja wa turubai hadi mwingine, na sisi, tusioonyeshwa kingine ila nyuso hizo mbili, tunajua mahali hasa kiumbe alipofika.