Daktari wa afya na wenye visima: vijiji vya Uingereza, 1900 mpaka 1934

Asanteni sana, naomba nianze moja kwa moja maana muda ni mchache. Leo nazungumzia vijiji vya Uingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, na swali langu ni moja tu, sheria za afya zilikuwepo, tena nyingi, sasa kwa nini mtu wa kijijini kule aliendelea kunywa maji yaliyochanganyika na uchafu wa chooni?

Sheria ya 1872 ilisema kila eneo, mjini na kijijini, lazima liwe na daktari wa afya, yaani daktari anayesimamia afya ya umma ya eneo zima, pamoja na mkaguzi, yaani mtu ambaye huku tungemwita bwana afya. Mwaka 1894 zikaja halmashauri za wilaya za vijijini na kazi hiyo ikawa yao. Kwenye karatasi mambo safi kabisa. Lakini angalia nani wanakaa kwenye vile vikao, ni wakulima wakubwa, wenye ardhi, watu wanaowasimamizia mashamba, na mchungaji wa kanisa labda. Na hela ya halmashauri inatoka kwenye kodi ya ardhi na majengo ambayo wao wenyewe ndo wanalipa, kwa hiyo ukitaja bomba la maji umetaja kodi kupanda.

Na daktari wa afya mwenyewe je? Sehemu nyingi ni daktari wa kawaida wa hapo hapo, ana wagonjwa wake wa kulipia, kazi ya afya ya umma anaifanya pembeni kwa posho ndogo, na mara nyingi mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Wagonjwa wanaomlipa vizuri ni hao hao madiwani na familia zao. Hapa ndo nataka tukae kidogo maana kwangu mimi hii ndo roho ya mada nzima.

Chukua kisima kimoja. Kipo hatua chache tu kutoka choo cha shimo, familia tatu nne zinachota hapo. Mtoto anaugua homa ya matumbo. Tangu 1899 daktari anayemtibu analazimika kutoa taarifa, na analipwa shilingi 2 na peni 6 kwa kila taarifa ya mgonjwa wake binafsi. Bwana afya anakuja, anajaza chupa, maji yanapelekwa kwa mkemia, majibu yanarudi kwamba hayafai. Daktari wa afya anaandika kisima kifungwe. Ripoti inasomwa kikaoni na mwenye kisima yumo humo humo amekaa, au kama hayumo basi yupo shemeji yake, wanajadili, wanasema tusubiri kikao kijacho. Daktari akikaza sana mwaka ukiisha hapewi tena mkataba, na hakuna wa kumtetea. Mimi hili linaniuma kila nikilisoma, kwa sababu ujuzi ulikuwepo, maji yalishapimwa, jibu lilikuwa mezani.

Kwenye nyumba ndo palikuwa pagumu zaidi. Sheria ya makazi ya 1909 iliipa halmashauri nguvu ya kufunga nyumba isiyofaa kuishi watu. Lakini nyumba za vibarua nyingi zilikuwa mali ya mwajiri, na kibarua wa shamba wakati ule wengi wao walikuwa hawafikishi hata shilingi 18 kwa wiki, kodi ya nyumba mpya aitoe wapi? Kwa hiyo daktari akifunga nyumba yenye ukuta unaotiririka maji na watoto wanaokohoa, anawatoa nje watu wale wale anaotaka kuwaponya, na nyingine ya kuwahamishia hakuna. Madaktari wengi walinyamaza kwa sababu hiyo, na siwezi kuwalaumu wote.

Tusiseme hakuna kilichofanyika. West Sussex wilaya ziliungana tangu miaka ya 1870 zikaajiri daktari mmoja wa kazi hiyo tu, asiyetegemea wagonjwa wa kulipia. Sheria ya wakunga ya 1902 ikaleta usajili, kaunti zikaanza kuwasimamia. Mwaka 1910 halmashauri zikaruhusiwa kutoa dawa ya dondakoo bure.

Halafu mwaka huo huo 1910, mwezi wa tisa, kijiji cha Freston huko Suffolk, binti wa miaka 9 anaugua ghafla na kufa. Anafuata mama yake, halafu baba yake wa kambo, halafu jirani aliyekuja kumuuguza mama. Wanne ndani ya wiki mbili hivi. Madaktari wa hapo wakashuku, sampuli zikapelekwa Ipswich kupimwa, ikawa tauni! Wakaanza kusaka panya, na kweli wakakuta panya wenye tauni, hata sungura. Walipogeuka nyuma kutazama vifo vya 1906 na 1907 vya Shotley, kijiji kingine kwenye rasi hiyo hiyo, ilionekana nayo huenda ilikuwa tauni, imepita bila kutambulika. Na 1918 wanawake wawili wakafa kwa tauni kijiji cha Erwarton, rasi ile ile.

Kilichobadilisha mambo, kwa maoni yangu, ni sheria ya 1921 iliyosema daktari wa afya na mkaguzi hawafukuzwi bila kibali cha waziri. Mwaka 1929 kaunti zikatakiwa kupanga madaktari wa afya wa kazi hiyo tu, wasio na wagonjwa wa pembeni. Ila bomba lenyewe lilichelewa. Ilibidi uje ukame wa 1933 na 1934, visima vikauke, ndo serikali kuu ikatenga pauni milioni 1 kusaidia maji ya vijijini, na hata hapo vijiji vingi viliendelea kuchota kwa ndoo mpaka baada ya vita vya pili vya dunia.