Uulize Uso Kabla ya Kufungua Kopo: Mhadhara kwa Wasanii wa Mikono, Nairobi

Mabibi na mabwana, wasanii wenzangu,

Ninaulizwa mara nyingi ni rangi ipi iliyo bora, nami hujibu kwa swali jingine: unapaka juu ya nini? Rangi haishiki sanamu wala sanduku. Hushika tabaka la juu kabisa la kitu hicho, liwe ni zinki, nta, mafuta ya mikono au vumbi la msasa. Kwa hiyo rangi ya msingi, ambayo mafundi wetu huiita prima, huchaguliwa kwanza kwa kuangalia uso unaopakwa.

Nitakaa zaidi kwenye mabati, kwa kuwa hapa Nairobi hayapo mbali na mtu yeyote. Fundi wa Kamukunji, soko la mafundi wa chuma hapa jijini, anayekunja masanduku ya wanafunzi wa bweni, na msanii anayekata ndege wa kupamba ukuta kutokana na mabaki ya fundi huyo, mara nyingi wote hufanyia kazi chuma kilichofunikwa kwa zinki. Wengi hupaka moja kwa moja redi oksaidi ya mafuta, yaani prima nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta juu yake. Mpango huo unafaa kwa chuma kitupu, lakini juu ya zinki huleta hasara ya polepole, kwa sababu mafuta yaliyomo katika rangi humenyuka pamoja na zinki na kutengeneza sabuni, naam, sabuni hasa, kati ya bati na rangi. Mwanzoni kazi hupendeza. Baada ya miezi kadhaa rangi huambuka vipande vipande, na lawama humwendea muuza rangi.

Bati jipya lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo ili mafuta ya kiwandani yatoke, lipanguswe kwa siki, lisuuzwe, likaushwe na kukwaruzwa kidogo kwa msasa laini, ndipo lipakwe prima ya maji ambayo kopo lake linasema wazi kwamba inafaa kwa mabati ya zinki. Ukitaka kujua kama limetakata, lidondoshee maji: yakitanda, endelea, yakijikusanya matone, mafuta yangalipo. Bati kuukuu lililofifishwa na jua na mvua hushika rangi vyema kuliko jipya, mradi kutu imekwanguliwa, na bado tunakubali kulipa zaidi kwa linalong'aa.

Kipimo cha maji hakisaidii kwenye plastiki ya mitungi na vifuniko vya chupa, ambayo hukataa maji hata ikiwa safi kabisa. Hiyo inahitaji msasa, kupanguswa kwa spiriti, na prima ya plastiki inayotumiwa na wapaka magari kwenye bampa. Povu jeupe linalofungashiwa televisheni, kinyume chake, huyeyuka likipulizwa rangi ya kopo la spirei, kwa hiyo litumie rangi ya maji tu. Mbao zina taratibu zinazojulikana. Nasisitiza tu kwamba vifundo vyenye utomvu vizibwe kwa shelaki, aina ya vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti.

Kibuyu kina ngozi ya nje yenye nta, inayolainika kwa maji ya vuguvugu na kutoka kwa kusuguliwa. Tahadhari na kile kilichowahi kuhifadhi maziwa, kwa kuwa mafuta yaliyozama ndani yanaweza kujitokeza na kuisukuma rangi.

Vyovyote iwavyo, jaribu kwanza upande usioonekana. Paka prima na rangi, acha siku kadhaa, chora miraba midogo kwa wembe, bandika selotepu, ikandamize kwa kidole, kisha uivute kwa ghafla. Miraba ikitoka na selotepu, rudi kwenye usafishaji. Kuongeza rangi juu yake hakutasaidia.

Mwezi wa Julai, baridi ya usiku wetu huweza kuzuia rangi ya maji isiungane vizuri, hivyo pakeni asubuhi hewa inapoanza kupata joto na kuingiza kazi ndani kabla ya jioni. Rangi iliyokauka kwa kugusa bado haijakomaa, na vitu vikipangwa kimoja juu ya kingine mapema vitagandana. Viacheni siku kadhaa kabla ya kuvifunga kwa safari ya sokoni.