Butter up: namna ya kuitumia bila kuteleza

Haya, karibuni tena. Hapa mezani nina slesi ya mkate, kisu na siagi, maana leo ni zamu ya nahau ya Kiingereza, butter up. Tamka "bata ap", kama bata huyuhuyu wa kufugwa. Mmarekani yeye utamsikia kama anasema "bara". Wale wa kula bata, poleni, mada yenu siyo hii.

Kwanza maana. Angalia mkono wangu, napaka hivi… ngoja, ngoja. Siagi imekuwa jiwe! Mbeya, mwezi wa saba, asubuhi, ulitegemea nini? Na mkate umeshachanika, mmeona wenyewe. Naisogeza karibu na jiko, tuendelee kwa mdomo.

Ku-butter up mtu ni kummwagia sifa kwa sababu una shida naye. Lazima viwepo vyote viwili, sifa na shida. Mteja pale Mwanjelwa anamwambia muuzaji: "Dada yangu, mchele wako wa Kyela unanukia mpaka Kabwe!" Hapo bado ni sifa tu. Subiri sasa: "Basi nipunguzie mia tano kwenye kilo." Ndiyo yenyewe! Kiingereza chake: He is buttering her up to get a lower price. Ile to inayofuata up ndiyo inayofungua mlango wa shida. Kama unampa mtu maua yake na huna unachotaka, sema praise au compliment, yaishe.

Sisi tuna kumvika mtu kilemba cha ukoka, tuna na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tamu kweli, ila usizitafsiri neno kwa neno. Mwingereza ataanza kutafuta chupa. Na kujikomba kuna dharau zaidi, hiyo mpe suck up to.

Sasa tulia hapa, weka hata simu nyingine chini. Him, her, me, them vinakaa KATIKATI. Butter him up. Siyo butter up him. Narudia: siyo butter up him! Njia ya kukumbuka iko kwenye Kiswahili chako mwenyewe: a-na-M-paka. Huyo "m" yuko tumboni mwa kitenzi, sivyo? Na him naye mweke tumboni: butter HIM up. Sema mara tatu, mimi nacheki siagi.

Bado ngumu. Haya.

Jina la kawaida halina ugomvi: butter the boss up, butter up the boss, zote sawa. Likiwa refu lipeleke mwisho: butter up the new headmaster from Njombe. Usiliingize katikati, sentensi itakata pumzi kabla hujafika kwenye up.

Na hiyo up usiidondoshe. She buttered him, bila up, mtu anaelewa kwamba kapakwa siagi mwilini. Wakati uliopita ni buttered, t mbili. Kwenye barua ya kazi achana nayo, andika flatter.

Matumizi ninayoyapenda mimi ni ya kumkamata mtu kwa utani. Kijana anakusifia viatu tangu asubuhi, unamwambia: Stop buttering me up, what do you want? Lakini butter him up… eeh, KATIKATI, nasema tena.

Oneni, imelainika! Inateleza mpaka pembeni mwa mkate, kila kona inang'aa. Picha ya nahau ndiyo hii. Msichanganye tu na bread and butter: kwa mkulima wa viazi wa Njombe, viazi ndiyo bread and butter yake, yaani kinachomweka mjini.

Kadi za nahau 50 zipo, zimechapwa karatasi ngumu. Na ninyi watazamaji wangu, wenye akili kuliko watu wote wa Nyanda za Juu Kusini, najua mtazinunua leo leo. Hapo nimewafanya nini? Andikeni kwa Kiingereza, na them ikae mahali pake.