Gata Ipi kwa Nyumba ya Pwani?

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie gata, yaani ile mifereji ya ukingoni mwa paa, na hasa ipi isiyodhuru mazingira. Nitaanza na maji yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Kwa hiyo paa la mita 80 za mraba, likipigwa na mvua ya milimita 20 jioni moja ya masika, humwaga takribani lita 1,600, ambazo pasipo gata huchimba msingi wa nyumba na kuondoka na udongo wa bustani.

Gata ya bati, ile inayokunjwa na fundi, ndiyo rahisi kwa bei, na kule bara, Dodoma kwa mfano, huweza kudumu vizuri. Hapa Tanga, karibu na bahari, upepo wa chumvi huila zinki, yaani ile ngozi ya juu inayolikinga bati na kutu. Ya kwangu ilitoboka kwenye mikunjo, pale majani ya mwembe yalipokuwa yakilala na unyevu. Niliigusa kwa bisibisi, ikatokea upande wa pili. Kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka michache mimi sikiiti rafiki wa mazingira.

Plastiki ya PVC haishiki kutu, lakini jua huikausha mpaka ikapasuka kwenye maungio, na vipande vyake vikichomwa nyuma ya nyumba, kama tulivyozoea, hutoa moshi wenye dioksini, ambayo ni sumu. Shaba hudumu sana, ila maji yanayoipitia hubeba chembe zinazodhuru viumbe wa majini. Bei yake sina haja ya kuitaja.

Chaguo langu ni alumini iliyopakwa rangi kiwandani. Kuipata kutoka kwenye boksiti, yaani mawe ya madini yake, hula umeme mwingi mno, na hilo ni doa lake la kweli; lakini kuiyeyusha upya huhitaji takribani asilimia 5 tu ya nishati hiyo, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaachi kipande chake kilale jalalani. Isigusane na shaba, kwani penye maji ya chumvi alumini ndiyo italiwa.

Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2 unatosha. Kabla fundi hajashuka ngazini, mwombeni amwage kata ya maji upande wa juu. Yakituama popote, vishikizo vya hapo virekebishwe siku hiyohiyo, kwa sababu kidimbwi cha ujazo wa kikombe kinawatosha mbu kuzaliana.